Kwenda Tezi na Omo: Uteuzi wa Ukubwa wa Kebo ya Winchi ya Nanga katika Boti za Ziwa Viktoria, na Istilahi Zinazouhusu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua ukubwa wa kebo ya umeme inayolisha winchi ya nanga katika boti ndogo, kwa kuzingatia mazingira ya upande wa Uganda wa Ziwa Viktoria. Hoja kuu ni kwamba haitoshi kuuliza kama kebo itastahimili joto. Swali la msingi ni volti ngapi zitakuwa zimebaki kwenye mota wakati nanga inapokuwa nzito kuliko wakati mwingine wowote. Makala yanafuata njia ya mkondo kutoka kwenye betri hadi kwenye mota na kurudi, yanafanya hesabu moja ya mfano kwa ukamilifu, kisha yanaonyesha jinsi maneno matatu ya kila siku, yaani unene, namba na urefu, yanavyoweza kuiharibu hesabu hiyo yasipofungwa kwenye maana moja. Inapendekezwa kwamba istilahi za ufundi zipimwe kwa matokeo yake kazini, na si kwa uzuri wa umbo lake pekee.

Istilahi muhimu: kebo, winchi ya nanga, mkondo, volteji, ukinzani, eneo la mkato, urefu wa mzunguko.

1. Utangulizi

Naguru ni kilima kilichoko mashariki mwa jiji la Kampala. Hakina gati wala maji ya kutia nanga, ingawa bandari ya Port Bell, huko Luzira, haiko mbali nacho. Hata hivyo, kwa anayetaka kuzungumzia Kiswahili kama lugha ya kazi nchini Uganda, Naguru ni mahali pazuri pa kuanzia. Makao makuu ya Jeshi la Polisi la Uganda yako hapo, na inafahamika kwamba Kiswahili kimekuwa lugha ya vikosi vya ulinzi na usalama nchini humo kwa muda mrefu, vikiwemo vile vinavyofanya doria majini. Kabla ya kubomolewa mwaka 2011, nyumba za wafanyakazi za Nakawa na Naguru zilikaliwa na watu wa makabila mengi waliofuata ajira Kampala, wengi wao kutoka nchi jirani. Mwanaanthropolojia David Parkin aliwachunguza wakazi hao katika kitabu chake cha mwaka 1969, na katika mkusanyo uliohaririwa na W. H. Whiteley mwaka 1971 aliandika kuhusu jinsi watu wa mitaa hiyo miwili walivyochagua lugha ya kutumia kila walipokutana. Chini ya kilima hicho, huko Nakawa, kipo chuo cha ufundi ambacho vijana hujifunza, pamoja na mengine, kazi ya umeme.

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za kukitekeleza, likiwemo pendekezo la kukifanya somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha ikishatangazwa kuwa rasmi hudaiwa kazi. Mojawapo ya kazi hizo ni kumweleza fundi jambo la kiufundi kwa namna ambayo fundi wa Luzira, wa Kisumu na wa Mwanza watakata kebo ileile baada ya kusoma sentensi ileile. Makala haya yanakijaribu Kiswahili kwa kipimo hicho, kupitia jambo dogo lakini lenye madhara makubwa likikosewa.

Mashua nyingi za mbao za wavuvi ziwani hutia nanga kwa mkono, na hazihusiki na mjadala huu. Wanaohusika ni wenye boti za abiria, za utalii, za doria na za utafiti, ambazo nanga na mnyororo wake ni mzigo usiofaa kuachiwa mgongo wa baharia mmoja. Boti hizo hufungwa winchi ya umeme kwenye omo. Mabaharia wa pwani tangu zamani waliita kifaa cha kuvutia nanga na amari kwa kuzungushwa duara, na kamusi za kale za Kiswahili zimelihifadhi neno hilo. Mafundi wa leo husema winchi, nasi tutasema hivyo.

2. Kwa nini kosa hapa ni hatari

Winchi hutumika kwa dakika chache tu katika safari nzima. Ndiyo maana kasoro yake huweza kufichika kwa miezi. Siku ya utulivu, mnyororo ukiwa umelegea na maji yakiwa ya mita chache, winchi iliyofungwa kebo nyembamba nayo huinua nanga, ila kwa uvivu kidogo. Nahodha huuona uvivu huo kuwa ni tabia ya mashine.

Siku ya dhoruba mambo hubadilika. Katika Ziwa Viktoria ngurumo na pepo kali huja mara nyingi usiku na alfajiri, wakati boti zimetia nanga karibu na kisiwa au mbele ya mwamba. Upepo ukigeuka na kuisukuma boti kuelekea ufukweni, nahodha hana budi kung'oa nanga na kuondoka. Wakati huohuo mnyororo umekazwa na upepo, nanga imezama kwenye tope, na mota inahitaji mkondo mkubwa kuliko ilivyowahi kuhitaji. Kebo nyembamba huchagua saa hiyo kuinyima volti. Winchi husimama, breka haikatiki, mota inaendelea kupata moto, na boti imefungwa mahali isipotakiwa kuwa. Anayechagua kebo anachagua kwa ajili ya saa hiyo, na si kwa ajili ya siku ya majaribio bandarini.

3. Njia ya mkondo

Wahenga wa pwani walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni shimo la chini linalokusanya maji. Methali hii inaelezea vizuri safari ya umeme ndani ya boti. Betri kwa kawaida hukaa nyuma, karibu na injini. Winchi iko omo. Mkondo hutoka kwenye ncha chanya ya betri, hupita kwenye breka, hufuata kebo hadi kwenye relei inayoamua nanga ipande au ishuke, huingia kwenye mota, kisha hurudi kwa kebo ya pili hadi kwenye ncha hasi ya betri. Pasipo marejeo hakuna mkondo.

Waya wa swichi ya mguu inayobonyezwa na baharia hauko katika njia hii kuu. Huo hubeba mkondo mdogo wa kuiamuru relei, nao unaweza kuwa mwembamba. Kuchanganya nyaya hizi mbili ni kosa la mwanafunzi, lakini inafaa litajwe, kwa sababu baharia huiona swichi na haioni relei, na huweza kudhani kwamba umeme wote wa mota unapita chini ya unyayo wake.

Kila sehemu ya njia kuu ina ukinzani wake. Ukinzani huo hula sehemu ya volti za betri na kuzigeuza kuwa joto. Volti zilizoliwa njiani hazifiki kwenye mota. Kiasi chake hupatikana kwa kanuni rahisi: mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Ukinzani wa kebo nao hutegemea mambo matatu: madini yaliyotumika, urefu wa kebo, na eneo la mkato wake, yaani eneo la uso wa shaba unaoonekana kebo ikikatwa. Urefu ukiongezeka, ukinzani huongezeka. Eneo likiongezeka, ukinzani hupungua.

4. Masharti mawili

Kebo ya winchi inapaswa kutimiza masharti mawili, na hukumu hutolewa na lile lililo kali zaidi.

Sharti la kwanza ni la joto. Kila kebo ina kiwango cha mkondo inachoweza kubeba bila kuunguza ganda lake. Kiwango hicho hutegemea aina ya ganda, mahali kebo inapopita, na idadi ya kebo zilizofungwa pamoja. Ganda la kawaida la PVC lililotengenezwa kwa nyuzijoto 70 halistahimili sawa na lile la nyuzijoto 105. Kebo inayopita katika chumba cha injini, ambako hewa yenyewe ni ya moto, hubeba mkondo mdogo kuliko ikipita mahali pa baridi.

Sharti la pili ni la volteji. Katika nyumba yenye umeme wa volti 240, volti mbili zikipotea njiani hakuna atakayejua. Katika boti yenye betri ya volti 12, volti mbili ni sehemu moja ya sita ya mali yote. Baraza la Boti na Yoti la Marekani, katika kanuni yake ya umeme ya E-11, limeweka mipaka miwili: upotevu usizidi asilimia 3 kwa saketi nyeti, kama vile taa za uongozaji na vifaa vya mawasiliano, na usizidi asilimia 10 kwa saketi nyinginezo. Wafungaji wengi huiweka winchi katika kundi la pili. Tutatumia asilimia 10 kama ukomo usiovukwa, tukikumbuka kwamba ukomo ni mpaka wa nje, na hakuna anayelazimika kuufikia.

Fundi aliyezoea nyumba hufikiri kwanza juu ya joto, kwa kuwa nyumbani joto ndilo huamua mara nyingi. Ndani ya boti ya volti 12 yenye kebo ndefu, volteji huamua kabla ya joto. Hapa ndipo ujuzi uliohamishwa kutoka nchi kavu bila kupimwa upya humsaliti mwenye nao.

5. Hesabu ya mfano

Tuchukue boti ya kubuni yenye betri ya volti 12. Njia ya kebo kutoka kwenye betri hadi kwenye winchi, ikipimwa kwa kufuata mbavu na kona zote inamopita, ni mita 9. Mtengenezaji wa winchi ameandika kwamba mkondo wa kazi ni ampea 90. Takwimu hii ndiyo ya kutumia. Kugawanya wati zilizoandikwa kwenye mota kwa volti 12 hutoa makadirio tu; winchi ya wati 1,000 ingetoa ampea 83, na makadirio hayo hayasemi mota itavuta kiasi gani ikielemewa.

Urefu wa mzunguko ni mita 9 za kwenda na 9 za kurudi, jumla mita 18. Ukinzani mahususi wa shaba katika nyuzijoto 20 ni omu 0.0172 kwa kila mita moja ya urefu yenye eneo la milimita moja ya mraba. Shaba ikipata moto ukinzani huongezeka. Katika nyuzijoto 70 hufikia takriban 0.0206. Kwa kuwa tunapanga kwa ajili ya hali ngumu, tunatumia takwimu ya pili.

Eneo linalotakiwa ni ukinzani mahususi, mara urefu wa mzunguko, mara mkondo, kisha kugawanya kwa volti zinazoruhusiwa kupotea. Asilimia 10 ya volti 12 ni volti 1.2. Basi: 0.0206 mara 18 mara 90 ni 33.4, ukigawanya kwa 1.2 unapata milimita za mraba 27.8. Kebo hazitengenezwi kwa kila kipimo. Katika orodha ya kawaida, baada ya 25 hufuata 35. Ishirini na tano haitoshi, hivyo kebo ni ya milimita za mraba 35.

Jedwali lifuatalo linaonyesha kinachotokea kwa kila kipimo katika mfano huu:

Milimita za mraba 16: volti 2.09 hupotea (asilimia 17.4); wati 188 huwa joto ndani ya kebo.
Milimita za mraba 25: volti 1.34 (asilimia 11.1), wati 120.
Milimita za mraba 35: volti 0.95 (asilimia 7.9), wati 86.
Milimita za mraba 50: volti 0.67 (asilimia 5.6), wati 60.
Milimita za mraba 70: volti 0.48 (asilimia 4.0), wati 43.

Jedwali hili linafundisha mambo mawili. Kwanza, faida hupungua kadiri kebo inavyoongezeka. Kutoka 16 hadi 35 tunaokoa zaidi ya volti moja. Kutoka 35 hadi 70, kwa shaba mara mbili, tunaokoa chini ya nusu volti. Anayetaka asilimia 3 katika mfano huu atahitaji kebo ya 95, ambayo ina kilo 15 za shaba mahali ambapo kebo ya 35 ina kilo 5.6, na uzito huo ni juu ya pesa zilizotumika. Pili, mota ya aina hii huvuta mkondo kulingana na uzito wa mzigo. Volti zikipungua, mota huzunguka polepole huku ikiendelea kuvuta ampea zilezile kwa muda mrefu zaidi. Nanga inayochelewa kupanda huipasha moto mota kuliko inayopanda upesi.

Jambo baya zaidi hutokea mota inapokwama. Wakati huo mkondo huzuiwa na ukinzani wa njia pekee. Tuseme ukinzani wa mota iliyokwama ni omu 0.03, na tuuache kando ukinzani wa betri. Kwa kebo ya 35, mkondo wa kukwama ni takriban ampea 296. Kwa kebo ya 16 ni ampea 226 tu. Upungufu huo wa karibu robo una maana mbili: nguvu ya mota ya kuing'oa nanga kwenye tope imepungua kwa karibu robo, na breka inayosubiri mkondo mkubwa ili ikate itachelewa zaidi kukata. Kebo nyembamba huidhoofisha mashine na kumchelewesha mlinzi wake kwa pigo moja.

Mwenye boti mpya ana njia nyingine ya kutokea. Winchi ya volti 24 yenye nguvu ileile huvuta nusu ya mkondo, ampea 45, na asilimia 10 ya volti 24 ni volti 2.4. Hesabu ileile sasa inatoa milimita za mraba 6.95, yaani kebo ya 10. Volteji ikiongezeka mara mbili, shaba inayohitajika hupungua hadi robo. Hapo ndipo inabidi kulirudia sharti la joto, kwa maana kebo ikiwa nyembamba hivyo joto huweza kuwa ndilo linaloamua.

6. Maneno matatu yanayopotosha

Hesabu iliyotangulia si ngumu. Makosa mengi huingia kabla haijaanza, kupitia maneno.

Neno la kwanza ni unene. Katika Kiswahili cha kila siku unene wa kamba ni upana wake ukiishika kati ya vidole. Kebo huuzwa kwa eneo la mkato wa shaba, ambalo ni kitu kingine. Kebo yenye kipenyo mara mbili ina eneo mara nne. Anayesema kebo ya pili ni nene mara mbili hajasema lolote linaloweza kuingizwa katika hesabu mpaka aeleze anapima kipenyo au eneo. Isitoshe, jicho huona ganda, halioni shaba. Kebo ya 16 yenye ganda nene huweza kuonekana sawa na ya 25 yenye ganda jembamba. Ninapendekeza kwamba katika maandishi ya ufundi neno unene liachiwe ganda, na shaba ipewe istilahi eneo la mkato, ikifuatwa daima na kizio chake, milimita za mraba.

Neno la pili ni namba. Vitabu na vifaa vya umeme vya Afrika Mashariki vimetoka pande nyingi, na pamoja na vipimo vya milimita vimekuja vipimo vya namba. Katika mfumo wa Kimarekani kebo namba 4 ina milimita za mraba 21.2. Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza waya namba 4 una milimita za mraba 27.3. Katika boti yetu ya mfano, wa kwanza ungepoteza asilimia 13 ya volti na wa pili zaidi kidogo ya asilimia 10. Mifumo yote miwili pia huenda kinyume na akili ya kawaida: namba ikiwa kubwa, waya huwa mdogo. Kwa hiyo sentensi "tumia kebo namba 4" si maelekezo kamili, hata ikiwa sarufi yake haina kasoro.

Neno la tatu, ambalo ndilo hatari kuliko yote, ni urefu. Jedwali moja la kebo huandika urefu wa njia, kutoka betri hadi mota. Jingine huandika urefu wa mzunguko, kwenda na kurudi. Mfasiri anayeandika "urefu wa kebo" kwa yote mawili ameiacha hatima ya boti mikononi mwa bahati. Tuone matokeo. Fundi akiingiza mita 9 mahali pa mita 18, hupata milimita za mraba 13.9, naye kwa moyo mweupe huchagua kebo ya 16. Hiyo ndiyo kebo iliyo juu kabisa katika jedwali letu, inayopoteza volti mbili. Fundi huyo hakukosea kuzidisha wala kugawanya. Alisoma neno moja kwa maana isiyokusudiwa. Ninapendekeza istilahi mbili zitumike kwa kupambanua, urefu wa njia na urefu wa mzunguko, na mwalimu awaambie wanafunzi wake methali ya tezi na omo ili wasisahau marejeo.

Mjadala wa istilahi katika makongamano yetu mara nyingi hujikita katika asili ya neno: je, tuseme nishati kama wengi wa Tanzania, au kawi kama wengi wa Kenya? Mjadala huo una nafasi yake. Lakini fundi anayejua kwamba nishati na kawi ni kitu kimoja hatakata kebo vibaya kwa sababu ya tofauti hiyo. Atakata vibaya kwa sababu ya urefu, neno ambalo hakuna aliyewahi kulitilia shaka. Maneno mageni humfanya msomaji asimame na kuuliza. Maneno yaliyozoeleka hupita bila kuulizwa.

7. Kutoka kwenye hesabu hadi kwenye boti

Kebo iliyochaguliwa vizuri karatasini huweza kuharibika dukani au kwenye viungo.

Dukani, hatari kuu ni kebo ya alumini iliyopakwa shaba. Kwa nje hung'aa kama shaba, lakini ukinzani wake ni takriban mara moja na nusu ya ule wa shaba halisi yenye eneo lilelile. Mizani hufichua siri hiyo. Mita moja ya shaba yenye milimita za mraba 35, ikivuliwa ganda, ina uzito wa takriban gramu 314. Ya alumini iliyopakwa shaba huwa nyepesi mno. Kukwangua uzi mmoja kwa kisu pia husaidia, kwani rangi nyeupe hujitokeza chini ya wekundu. Kebo ya boti iwe ya nyuzi nyingi nyembamba, maana mtikisiko wa injini na mawimbi huzichosha nyuzi chache nene za kebo ya nyumba hadi zikatike. Shaba iliyopakwa bati ni bora zaidi. Maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi ya bahari, lakini unyevu wa daima ndani ya ngama hutosha kuitia shaba tupu kutu ya kijani.

Kwenye viungo, tuhesabu: ncha mbili za betri, ncha mbili za breka, ncha mbili za relei na ncha mbili za mota, jumla nane. Kiungo kimoja kilicholegea au chenye kutu huweza kuwa na ukinzani wa omu 0.002. Kwa ampea 90 hiyo ni volti 0.18 na wati 16 za joto katika sehemu ndogo kuliko kidole gumba. Viungo vitano vya namna hiyo hupoteza volti 0.9, karibu sawa na kebo nzima ya mita 18. Vichwa vya kebo, ambavyo mafundi huviita lagi, vibanwe kwa koleo lake maalumu, na si kwa nyundo.

Breka ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kazi yake ni kuilinda kebo yote inayoifuata; kipande kilicho kati ya betri na breka hakina mlinzi. Kiwango chake kiwe juu ya mkondo wa kazi, chini ya uwezo wa joto wa kebo, na kilingane na maelekezo ya mtengenezaji wa winchi. Ikumbukwe kwamba breka huona ampea tu. Haina habari kwamba volti zimepungua.

Mwisho ni kipimo cha uthibitisho. Winchi ikiwa inavuta mzigo halisi, fundi mmoja apime volti kwenye ncha za betri na mwingine kwenye ncha za mota, kwa wakati mmoja. Tofauti ya namba hizo mbili ni upotevu wa njia nzima, pamoja na viungo. Ikiwa kebo peke yake ilikadiriwa kupoteza volti 0.95 na mita zikaonyesha 1.8, kebo haina lawama. Kosa litafutwe kwenye viungo. Kipimo kikifanywa winchi ikizunguka bure hakina thamani, kwani pasipo mkondo mkubwa hakuna upotevu wa kuonekana. Naye nahodha ana sehemu yake: awashe injini kabla ya kung'oa nanga ili betri isaidiwe, na aisogeze boti mbele kwa injini ili mnyororo ulegee. Winchi imewekwa iinue nanga. Haikuwekwa ivute boti.

8. Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba ukubwa wa kebo ya winchi ya nanga huamuliwa na volti zinazobaki kwenye mota wakati wa mzigo mkubwa, kwamba katika boti ya volti 12 sharti hilo kwa kawaida huwa kali kuliko lile la joto, na kwamba hesabu yake iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari. Yameonyesha pia kwamba hesabu sahihi huweza kuzaa kebo isiyo sahihi kwa sababu ya neno moja lenye maana mbili.

Kutokana na hayo, mapendekezo ni matatu. Kwanza, waandishi wa vitabu vya ufundi vya Kiswahili katika nchi za Ziwa Viktoria watenganishe urefu wa njia na urefu wa mzunguko, na wasiandike kipimo cha kebo bila kizio. Pili, wataalamu wa istilahi wazijaribu istilahi zao kwa kuwapa mafundi wa nchi tofauti maelekezo yaleyale na kulinganisha kazi zao, maana huko ndiko neno hupimwa. Tatu, vyuo vya ufundi vinavyofundisha umeme wa majumbani viongeze somo fupi la umeme wa volti ndogo, kwa kuwa boti za ziwani zitaendelea kufungwa na mafundi waliofunzwa nchi kavu. Abiria anayelala kwenye boti iliyotia nanga mbele ya kisiwa hatasoma jedwali lolote la kebo. Anamtegemea fundi aliyelisoma, na fundi naye anamtegemea aliyeliandika.